Nani Anaona Nani? Juu ya Kujificha mu Michezo ya Vita vya Anga

Bandugu wa fizika, leo mtanivumilia. Kila mara tukianza kuzungumza juu ya michezo ya vita vya anga, kuna mmoja wenu anainua mkono kama vile tuko bado mu oditwari, na anafunga mazungumzo kwa maneno manne: mu anga hakuna kujificha. Halafu ananyamaza, sawa na mtu aliyeweka karata yake ya mwisho mezani. Wale wanaopenda michezo wananyamaza pia, juu hawana hesabu ya kujibu.

Mimi nataka kujibu. Si kwa kusema fizika yenu ni ya uongo, apana. Fizika yenu iko sawa. Lakini mmeuliza ulizo fupi kuliko lile lililoko mbele yetu, na watengenezaji wengi wa michezo nao wamejibu ulizo fupi zaidi. Ninyi mnauliza: chombo kinaonekana ao hakionekani? Wao wanajibu: hakionekani, bonyeza hapa. Katikati ya hayo mawili kuna jambo lenye utajiri mwingi ambalo paka michezo michache imeligusa.

Tuanze na haki ya wanaokataa. Kila kitu chenye joto kinatoa mwanga wa infraruji, ule ambao jicho halioni lakini kifaa kinauona. Chombo chenye watu ndani lazima kiwe na joto la kuishi, tuseme digrii 20. Kwa joto hilo, kila meta mraba ya ngozi yake, kama ni nyeusi, inatupa inje zaidi ya wati 400. Nyuma yake kuna nini? Kuna anga lenyewe, ambalo liko kwenye kelvini 2.7 tu, karibu kabisa na mwisho wa baridi. Basi chombo ni kama mbabula iliyowashwa usiku mu uwanja wa mpira usio na taa hata moja. Na hapo hatujawasha injini! Ukiongeza joto mara mbili kwa kipimo cha kelvini, mwanga unaongezeka mara 16. Na hiyo mbabula huwezi kuizima: kila nguvu inayotumika ndani ya chombo mwisho wake inageuka joto, na joto lazima litoke. Ukilifungia ndani, wewe ndiye utapikwa wa kwanza.

Kuna mchezo umechukua ukweli huo na kuufuata mpaka mwisho. Unaitwa Children of a Dead Earth, ulitoka mwaka 2016. Ndani yake hakuna kifaa cha kutoonekana. Vyombo vina radiatere kubwa, kama zile za malori lakini zinawaka rangi nyekundu, na kila mtu anamuona kila mtu tangu mwanzo. Vita vinakuwa vya mizunguko, vya mafuta, vya makombora na laseri, na vya radiatere zenyewe: ukizivunja za adui, mtambo wake wa nguvu hauna tena fasi ya kutupia joto. Ni kazi ya heshima. Mwenye alisoma mekanika ya mbinguni atacheza akitabasamu. Lakini ukicheza muda mrefu unaona kitu kimoja kimekosekana, nacho ni hofu. Ni kama dama: vipande vyote viko juu ya ubao, na aliyeshindwa alishindwa juu ya hesabu. Hakuna saa hata moja ambapo unatazama giza na kujiuliza kama giza nalo linakutazama.

Mutasema: basi, ukweli hauna hofu, tufanye nini? Hapo njo ninasimama. Ukweli una hofu kabisa, na tuliiona mchana kweupe.

Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la anga la meta kama 20 lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Vioo vya nyumba vilivunjika fasi nyingi, na watu kama 1,500 walijeruhiwa. Hakuna mtu alikuwa ameliona likija. Halikuwa na kifaa cha kujificha, halikuwa na rubani mjanja. Lilitokea tu upande wa jua, na darubini zetu haziwezi kutazama upande huo. Jiwe la kawaida, lenye kupashwa joto na jua, lilifika mpaka juu ya paa za watu bila kugonga mlango.

Mwenye fizika atajibu kwamba siku hiyo hatukuwa tunatafuta vizuri. Sawa kabisa, na hilo njo jambo lenyewe! Kutafuta kuna bei. Darubini ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009, ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kupiga picha ya anga lote kwa infraruji. Ilihitaji miezi 6 kulimaliza mara moja. Miezi 6! Adui mwenye akili hatakungojea miezi 6. Bila shaka jeshi la mbele ya wakati litakuwa na darubini nyingi na za haraka zaidi, lakini hesabu haibadiliki umbo lake: anga ni kubwa pande zote, jicho lina upana wake, na kila dakika unayotazama kushoto hutazami kulia.

Tena kuna jambo la mtazamaji mwenyewe. Darubini ya James Webb ina kinga ya jua yenye tabaka 5, kubwa kama uwanja wa tenisi, juu joto la jua, la dunia na la mitambo yake yenyewe lingeipofusha. Ili uone vitu vya baridi, jicho lako pia lazima liwe baridi. Sasa fikiria chombo cha vita chenye injini kubwa, laseri na watu 50 ndani: hicho njo kitakuwa na jicho safi? Mwenye kuwinda naye anawaka. Kutafuta na kujificha vinalipwa mu mfuko mmoja, mfuko wa joto.

Watu wanapenda kutoa mfano wa Voyager 1. Wanasema: tunaisikia kutoka umbali wa zaidi ya kilometa bilioni 24, na redio yake ina wati kama 23 tu, kama taa ya friji. Kweli. Lakini tunaisikia juu imeelekeza antena yake kwetu, sisi tumeelekeza sahani za meta 70 kwake, na tunajua kwa usahihi iko wapi. Ni mtoto wa nyumbani anayepiga simu. Kumsikia mtoto wa nyumbani hakukufundishi kumsikia mwizi.

Basi nasema hivi: fizika haikatazi kujificha. Inakataza kujificha bule. Inasema utalipa kwa joto, ao kwa wakati, ao kwa upande mmoja uliouacha wazi ili ufiche mwingine. Na mchezo mzuri ni ule unaomfanya mchezaji ahisi malipo hayo kwenye vidole vyake.

Butoni ya kutoonekana yenyewe ilitoka wapi? Si mu fizika hata kidogo; ilitoka chini ya maji. Mwaka 1966, filamu za televisheni za Star Trek zilionyesha kipindi kinachoitwa Balance of Terror, ambacho mwandishi wake alifuata mtindo wa filamu ya nyambizi ya mwaka 1957, The Enemy Below. Kapiteni mmoja juu, kapiteni mwingine chini, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Nyambizi ikageuka merikebu ya Waromula, maji yakageuka anga. Kile ambacho watu wanasahau ni kwamba katika kipindi kile kutoonekana kulikuwa na bei: kifaa kilikula nguvu nyingi sana, na ili apige, yule adui alipaswa kujionyesha kwanza. Wenye kutengeneza michezo waliofuata wengi walichukua kifaa na wakaacha bei. Chombo kinapotea, saa inahesabu, chombo kinarudi, unapiga. Hiyo si kujificha. Hiyo ni kinga yenye rangi nyingine.

Ningependa tukae kidogo kwenye FTL: Faster Than Light, juu nafikiri wengi wenu mmeicheza, inatembea hata kwenye ordinatere ile ya zamani ambayo imerithiwa na wakubwa wawili mbele yako. Ilitoka Septemba 2012, na ilitengenezwa na watu wawili, Justin Ma na Matthew Davis. Kwa macho, ni mchezo rahisi: chombo chako unakiona kutoka juu kama ramani ya nyumba, vyumba na milango, na kila chumba kina kazi.

Ukitazama haraka, FTL nayo ina butoni ya kutoonekana. Sekunde 5, 10 ao 15, kufuatana na vile umelipia. Wakati huo makombora ya adui yanakukosa zaidi, na silaha zake zinasimama kujijaza. Kwa fizika, ni upuuzi. Lakini tazama kinachotendeka mu kichwa cha mchezaji. Kifaa kinakula nguvu za mtambo wako, ni kusema kuna kitu kingine umezima. Ukipiga risasi ungali umejificha, muda wa kujificha unakatwa. Na ukikibonyeza mapema, kombora linakuja kifaa kikiwa kinapumzika. Basi unangoja. Unaona silaha ya adui imejaa, mkono uko juu ya butoni, unangoja arushe ili ujifiche kombora likiwa tayari njiani. Hapo kujificha kumekuwa kazi ya kujua wakati, si kazi ya kutoweka.

Na utajuaje kama silaha yake imejaa? Hapa njo FTL inanipendeza zaidi, na watu hawaisifu ya kutosha. Sensa zake zina ngazi. Ngazi ya kwanza inakuonyesha ndani ya chombo chako mwenyewe, basi. Ndiyo, mchezo unakwambia kwamba hata kujiona ni kitu cha kununua! Ngazi ya pili inakuonyesha vyumba vya adui na watu wake. Ya tatu inakuonyesha silaha zake zimejaa kiasi gani. Adui yuko palepale mbele ya macho, mkubwa, hakujificha hata kidogo, na bado humjui. Unamuona mwili, huoni nia. Mchezaji mpya hatumii pesa kwenye sensa, anasema nitaongeza silaha. Halafu anashangaa kwa nini anajificha kila mara wakati usiofaa.

Halafu kuna zile nebula, mawingu ya anga. Ukiingia ndani, sensa zako zinakufa: hata vyumba vyako mwenyewe vinakuwa giza, huoni moto unawaka wapi, huoni nani ameingia. Lakini kundi la waasi wanaokufuata nalo linachelewa. Kwa hiyo mchezaji anachagua mwenyewe kuwa kipofu ili apate wakati. (Wanaastronomia, nawasikia: nebula za kweli ni nyembamba mno, ukiwa ndani yake hungejua hata kama umo. Sawa, tuwasamehe.) Huo uchaguzi, ujinga wako dhidi ya wakati wako, una ukweli mwingi zaidi juu ya vita kuliko michezo kumi yenye picha nzuri.

Elite Dangerous, ya mwaka 2014, ilikuwa na nafasi ya kufanya vizuri kupita wote, juu yenyewe ilielewa joto. Kila chombo kina kipimo cha joto mbele ya rubani. Ukiwa baridi, sensa za wengine zinakukamata kwa shida. Kuna namna ya kutembea kimya: unafunga matundu ya kutolea joto, chombo kinafifia mu rada za wengine, lakini kinga zako zinazimika na joto linapanda ndani mpaka mitambo inaanza kuungua. Unaweza kutupa joto inje kwa kipande cha chuma kinachobeba moto wako na kuondoka, lakini vipande hivyo vinahesabika. Mara ya kwanza nilipotembea kimya, nikisikia chombo kinalia na kipimo kinapanda, nilisema: hawa wamesoma. Njo hii bei niliyokuwa nasema.

Lakini tazama umbali. Mu ulimwengu wa Elite, ambao umejengwa kwa ukubwa wa kweli wa galaksi yetu, sensa za vita zinaona kilometa chache tu. Ni kama mtu wa kwenye rond-point asimuone mtu wa kwenye soko. Rubani wa ndege ya kawaida, hapa duniani, anaona mbali zaidi. Najua sababu: mchezo unataka ndege mbili zizungukane karibu, kama mu filamu za vita vya zamani, na ukiwapa sensa za kweli, mapigano hayo yanakufa. Basi wakafunga macho ya kila mtu ili ngoma iendelee. Joto likabaki kama viungo kwenye chakula, halikuwa chakula chenyewe. Hiyo inaniuma, juu wenyewe walikuwa na unga wote mezani.

Sasa EVE Online, na hapa nitachukua wakati wangu. Mchezo huu ulianza mwaka 2003, maelfu ya watu wako mu ulimwengu mmoja, na chombo ukikipoteza kimepotea. Kifaa cha kutoonekana kipo, na mpaka mwaka 2021 kilikuwa kikamilifu kabisa: ukikiwasha, hakuna sensa ya chombo kingine iliweza kukuona, ulijulikana tu kama kitu kimekukaribia chini ya meta 2,000. Malipo yake ni kwamba ungali umejificha huwezi kulenga wala kupiga. Fizika hapo imefukuzwa mlangoni. Lakini wachezaji wenyewe walijenga, juu ya kifaa hicho kisicho na fizika, somo la kuona na kutoona ambalo hakuna mwandishi angeliweza kulipanga.

Mu maeneo mengi ya EVE kuna orodha pembeni, orodha ya kuzungumzia, inayotaja jina la kila mtu aliye mu mfumo huo wa nyota. Ukiingia tu, jina lako liko. Basi, mpaka mwaka 2021, kulikuwa na watu ambao asubuhi waliingia mu mfumo wa wachimba madini, wakawasha kifaa, halafu wakaacha ordinatere na kwenda kazini. Siku nzima jina lao lilikuwa mu orodha. Wachimba madini waliliona. Hawakujua yuko wapi, hawakujua kama yuko kwenye kiti ao yuko kazini kwake anakunywa chai. Na hawakutoka kuchimba. Chombo kimoja, kisichofanya kitu, kisicho hata na mtu, kilifunga mfumo mzima.

Fikirieni jambo hilo vizuri. Yule mtu hakujificha kwa kutojulikana. Alijificha kwa kujulikana nusu. Kama jina lake lingekosekana, wachimbaji wangeendelea na kazi. Kama mahali pake pangejulikana, wangemfukuza. Ile nusu njo silaha. Mwanafunzi yeyote anaielewa: si ulizo usilolijua linalokunyima usingizi kabla ya mtihani, ni lile uliloambiwa kwamba liko ndani bila kuambiwa ni lipi.

Kwa kutafuta, EVE inakupa sensa ya mwelekeo, inayofika mbali kidogo zaidi ya mara 14 ya umbali wa dunia na jua, kama kilometa bilioni 2. Inakuambia ni vyombo vya aina gani viko, lakini mahali kamili huambiwi, na waliowasha kifaa hawamo. Ukitaka mahali, lazima urushe vipimo vidogo na kuvisogeza mpaka vikubaliane. Na yule unayemtafuta naye, kama anabonyeza sensa yake, anaviona vipimo vyako. Hapo kuna mazungumzo ya kimya: wewe unamtafuta, yeye anajua anatafutwa, nawe unajua kwamba anajua, na swali ni nani ana mikono ya haraka.

Mwaka 2009 wakaongeza fasi za kupita kwenye mashimo ya anga, ambako orodha haitaji jina la mtu mpaka yeye mwenyewe aseme neno. Hapo watu wakanyamaza. Kuna wachezaji wanaishi huko miaka, na wanakuambia hawawezi tena kurudi kwenye orodha. Kwao ni kama kucheza kadi zikiwa wazi.

Halafu mwezi wa Julai 2019, kampuni yenyewe, CCP ya Iceland, ikazima orodha mu eneo lote kubwa lisilo na sheria. Waliita jambo hilo giza. Wawindaji walifurahi sana. Wachimbaji na wakulima wa pesa wengi waliacha kuingia. Septemba mwaka huohuo orodha ikarudishwa. Watu wengi wanaeleza habari hiyo kwa kusema wachezaji ni waoga. Sikubali. Mi naona shida ilikuwa kwenye bei. Chini ya giza, mwindaji hakulipa kitu kipya: kifaa chake kilikuwa kilekile, kikamilifu, bila joto, bila mafuta. Mwenye kuwindwa njo alilipa yote: kubonyeza sensa kila sekunde chache, saa tatu, saa nne, huku sensa hiyo haiwezi hata kumuonyesha yule anayemuogopa. Wakazi wa mashimo wanavumilia giza kwa sababu wanaweza kuchunga milango yao, wanajua ni wapi mtu anaweza kutokea. Walipoeneza giza bila milango ya kuchunga na bila bei kwa anayejificha, haikuwa tena mchezo wa kuona na kujificha. Ilikuwa kodi.

Kama EVE ingekuwa na nusu ya joto la Elite, kama yule mtu aliyeenda kazini angerudi na kukuta chombo chake kimeiva, orodha isingekuwa na haja ya kurudi. Ni maoni yangu, na najua wachezaji wa EVE hawapendi kuguswa.

Mchezo wa mwisho ni mdogo kuliko hiyo yote: Nebulous: Fleet Command, uliofunguliwa kwa wachezaji mwaka 2022 ukiwa bado haujamalizika. Wenyewe hawakuuliza juu ya joto, waliuliza juu ya rada, na wakauliza vizuri. Wenye elektroniki mnajua hesabu hii. Rada inatuma wimbi, wimbi linaenda, linagonga, linarudi. Kwenda linadhoofika kwa mraba wa umbali, kurudi vilevile. Kwa jumla mwangwi unaanguka kwa kipeo cha nne. Lakini yule anayepigwa na wimbi anahitaji safari moja tu ili alisikie. Kwa hiyo mwenye rada anasikika mbali zaidi kuliko anavyoona. Ni mtu mwenye tochi usiku mu pori: yeye anaona hatua kumi, na pori lote linamuona yeye.

Mu Nebulous unaishi na tatizo hilo. Ukiwasha rada unajitangaza. Ukizima, unabaki kusikiliza, na masikio yanakupa mwelekeo tu, mstari bila umbali: kuna mtu upande ule. Ukiwa na merikebu mbili zimesimama mbali, mistari miwili inakatana, na sasa una mahali. Kwa hiyo merikebu moja inakubali kuwasha taa yake na kuvuta macho, na nyingine inakaa nyuma ya mawe ikiwa kimya kabisa. Anayewasha anajua kwamba ametolewa sadaka. Unaweza pia kurusha vitu vya kudanganya, ao kujaza makelele kwenye rada ya adui. Makelele yenyewe yanamwambia kwamba uko, lakini yanamnyima umbali. Hakuna butoni hata moja pale inayosema sionekani. Na katika michezo yote niliyotaja, ni hapo nilipojificha kweli.

Inabaki kitu kimoja ambacho EVE na Elite zinapita pembeni bila kukigusa, nami nakiweka hapa kwa ajili ya wale wa informatiki wanaotafuta mradi wa mwisho wa mwaka. Mwanga unachelewa. Kutoka Jupita mpaka kwetu unatumia dakika kati ya 33 na 54, kufuatana na sayari ziko wapi. Adui unayemuona kwenye darubini ni adui wa saa iliyopita. Joto lake liko wazi, mahali pake uko napo kwa usahihi wote, na yeye hayuko hapo tena. Amegeuza injini dakika 20 zilizopita na habari hiyo bado iko njiani. Huko hakuna haja ya kifaa cha kutoonekana, hakuna haja ya nebula, na hakuna mwanafizika wa kuinua mkono. Kwa programu si kazi ngumu: kila chombo kinaweka orodha ya mahali pake pa zamani, na kila mtazamaji anaonyeshwa pale palipolingana na umbali uliogawanywa kwa kilometa 300,000 kwa sekunde. Kazi ngumu ni kumfanya mchezaji aelewe bila hotuba kwamba alama anayoiona ni ya zamani. Pengine rangi inayofifia. Pengine duara linalozidi kupanuka, kuonyesha fasi zote ambako adui angeweza kuwa amefika. FTL walikuwa watu wawili.